Sheria tunazijua nusunusu

Mkuu, umeuliza kama wachezaji wetu wanazijua sheria za mpira au wanacheza kwa mazoea tu. Nimecheza ndondo, mpira wa mtaani, Temeke miaka tisa, beki wa kushoto, mpaka goti liliponigomea nikashika filimbi. Naona tunazijua nusunusu, na hiyo nusu ndiyo inayotumaliza.

Nianze na aibu yangu. Nusu fainali, uwanja wa vumbi, tunaongoza bao moja. Wapinzani wanarusha mpira usawa wa kumi na nane yetu, yaani eneo la penalti, straika wao kasimama nyuma yangu peke yake. Mimi huyo, mkono juu, namkodolea macho mshika kibendera nikidai kaotea, yaani kakaa karibu na goli kuliko mabeki wote pasi inapotoka. Mpira ukanipita kichwani, jamaa akatuliza kwa kifua, kamba.

Nikamfuata mzee wa kibendera nimevimba kama chura. Hata hakunitazama, alikuwa anakung'uta mchanga kwenye kandambili. "Mwanangu, mpira wa kurusha hauna kuotea." Nilikuwa na miaka 24 na nimecheza tangu darasa la kwanza! Kona na golikiki nazo ni hivyo hivyo, ukiupokea moja kwa moja huotei, lakini hadi leo naona mabeki wazima wakinyoosha mikono.

Nilipokuwa refa nikakutana na kali zaidi. Beki kamrudishia kipa kwa mguu, makusudi kabisa, kipa kadaka. Hiyo imekatazwa tangu 1992, kwa hiyo nikapuliza, nikanyoosha mkono juu: faulo ambayo lazima mpira uguswe na mtu mwingine ndipo bao lihesabiwe. Mpigaji naye hakujali mkono wangu, akafumua moja kwa moja golini. Kipa akaruka, akaugusa kwa ncha za vidole, ukazama.

Bao. Kipa akanijia mbio: "Refa, si ulinyoosha mkono?" Kweli, maana ya mkono anaijua. Alichosahau ni kwamba mtu mwingine ni pamoja na yeye. Angeuacha ukaingia wenyewe, tungeanza na golikiki.

Na msidhani ni sisi wa mchangani tu. Oktoba 2011 Afrika Kusini walicheza na Sierra Leone wakitafuta tiketi ya AFCON 2012. Walitulia na suluhu, filimbi ikalia, wakacheza ngoma uwanjani wakidhani wamefuzu. Kumbe timu zikilingana pointi zilikuwa zinaangaliwa kwanza mechi za wenyewe kwa wenyewe, si tofauti ya mabao. Niger, waliokuwa nao kundi moja, ndio waliofuzu. Timu ya taifa nzima, benchi la ufundi juu!

Ila tusiwe wepesi wa kucheka. Mwepu Ilunga wa Zaire, Kombe la Dunia 1974, alichomoka kwenye ukuta akaubutua mpira kabla Wabrazil hawajapiga faulo yao. Akala njano, dunia ikamcheka miaka na miaka kwamba Mwafrika hajui sheria. Baadaye mwenyewe alisema aliijua vizuri, alikuwa anapinga kutolipwa fedha zao.

Siku hizi kabla ya mechi nawaita makipa wote wawili pembeni, nanyoosha mkono, nawauliza maana yake. Yule kipa aliyenijia mbio bado tunakutana kijiweni kwenye kahawa. Hadi leo hajalikubali lile bao.