Sikilizeni filimbi

Mmetuuliza wiki hii: ni mpigaji gani wa chombo cha muziki anayekustaajabisha kwa wepesi wa vidole vyake? Swali hilo limenichoma. Nilipiga tarumbeta ya pili miaka sita katika fanfari, bendi ya tarumbeta, ya parokia huku Katuba, Lubumbashi, na kwenye tarumbeta vidole ndivyo vyenye kazi ndogo kuliko vyote. Pistoni ni tatu tu. Usipobonyeza hata moja utapata do, sol, do ya juu, mi, sol, na bado unaendelea kupanda. Kinachozitenganisha ni midomo na pumzi. Kumsifu mpiga tarumbeta kwa vidole ni kama kumsifu mama aliyesonga bukari, ugali wetu, kwa sababu ya mwiko.

Nilikaa kuandika kwamba ufundi wenyewe haunishtui. Noti nyingi za haraka, kupanda juu mpaka mishipa ya shingo itokeze, hayo naona ni mbio. Moyo ndio unaopiga. Nimeamini hivyo tangu siku ya maziko fulani.

Ilikuwa Julai, baridi yetu mnaijua, pumzi inatoka kama moshi. Tulikuwa tunamzika jirani, mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi. Tarumbeta ikipoa sauti yake inashuka, na midomo yetu vijana ilikuwa imekufa ganzi. Mwalimu wetu, tuliyemwita Papa, alikuwa ameficha kipande cha kupulizia kwapani tangu tulipotoka kwenye kilio. Makaburini akakichomeka, akapuliza hewa tupu ndani ya tarumbeta, bila sauti, muda mrefu, kuipasha moto. Jeneza lilipoanza kushuka tulipaswa kuingia wote pamoja. Akatuzuia kwa mkono.

Akapiga peke yake. Noti ya kwanza ilikuwa ndogo mno hata nikageuka kuangalia barabarani, nikidhani kuna fanfari nyingine inakuja kutoka mbali. Kisha nikaona pembe za mdomo wake zimekaza. Mashavu hayakuvimba. Ilikuwa sol, ile inayokaa juu ya mistari mitano, nyembamba kama uzi, na haikutetemeka. Akaikuza polepole mpaka wachimba kaburi wakasimamisha majembe, halafu akairudisha ndogo kama alivyoianza. Mwisho wake sikuusikia. Niliujua kwa kuona ameshusha tarumbeta. Mjane alikuwa amenyamaza, anasikiliza.

Miaka yote nimesimulia kwamba Papa alipiga kwa moyo. Sasa ninapoandika najiuliza, kwani mimi sikuwa na moyo? Yule mzee alikuwa akinipa karanga kila Jumapili, nilikuwa nalia kweli, na tarumbeta yangu ilipoingia ilitoa mkoromo. Papa hakumpenda marehemu kunishinda. Alichonizidi ni ule mdomo aliouzoeza kila alfajiri, noti ndefu za chinichini, nusu saa nzima bila wimbo wowote, mpaka wapangaji wenzake wakanung'unika. Kupanda juu kwa nguvu kila kijana hujaribu. Kupanda juu kwa sauti ndogo, tena kwenye baridi, hakuna kubahatisha.

Na Papa alikuwa na mtu wake: Maurice André, mpiga tarumbeta wa Ufaransa. Alitusikilizisha kwa kaseti Konserto ya pili ya Brandenburg ya Bach, ambamo tarumbeta na filimbi hupiga pamoja. Nilichoshwa nayo. Tarumbeta ndogo, urefu wake nusu ya zetu, inakimbia huko juu kama panzi. Papa alikuwa akirudisha kaseti mahali pale pale, tarumbeta ikiwa juu kabisa. "Wanangu, sikilizeni filimbi," alisema. Tulidhani amechanganya vyombo. Filimbi ya mti, chombo dhaifu vile, ilikuwa inasikika vizuri kando ya tarumbeta! Ni ile sauti ndogo ya juu ya makaburini, tena dakika baada ya dakika.

Huyo André alizaliwa Alès mwaka 1933, baba yake akichimba makaa ya mawe, na yeye mwenyewe akaingia mgodini akiwa na miaka 14. Bendi ya jeshi ndiyo iliyomfungulia njia ya Konsavatuari ya Paris, chuo cha muziki; baadaye akashinda mashindano ya Geneva 1955 na ya Munich 1963. Sisi wa mji huu tunajua mgodi unavyokula mapafu. (Tarumbeta yenyewe ni shaba na zinki, vyote viwili mgodi wetu wa Kipushi unavyo.)

Wazee watasema niandike Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani aliyekuja kupiga hapa hapa, Élisabethville ya wakati ule, Novemba 1960. Nawaheshimu, ila mimi sikuwapo.

Basi jibu langu ni Maurice André, niliyekusudia kumkataa nilipoanza barua hii. Sikumsikia ukumbini hata siku moja, na sijui angefanya nini Julai, shaba ikiwa imepoa. Na ile kaseti ya Papa ilikuwa imevutika kwa kurudishwa mara nyingi pale pale. Hapo kwenye filimbi, noti zilikuwa zinayumba kidogo.