Maji ya Kifua Kabla ya Kinyama: Kwa Madaktari na Matabibu Wanaoanza Kazi

Mtakutana mapema na kijana mwenye homa za jioni, maumivu ya ubavuni yanayozidi akivuta pumzi, na picha ya kifua yenye maji upande mmoja. Wengi huomba GeneXpert (kipimo kinachotafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu) ya maji hayo, na majibu yakirudi kuwa hakuna vimelea, huandika kwamba si kifua kikuu. Huko ni kuharakisha. Maji hayo hutokana zaidi na kinga ya mwili kupambana na vimelea vichache vilivyofika kwenye utando unaozunguka mapafu, kwa hiyo kipimo hicho huwakosa nusu ya wagonjwa au zaidi, ingawa kikisema vipo, jibu hilo ni la kuaminika.

Kabla ya kufikiria kukata kinyama cha utando huo kwa uchunguzi (biopsi), yatumieni maji yenyewe vizuri. Tafuteni mahali pa kuchoma kwa ultrasaundi, na sindano ipite juu ya mfupa wa ubavu, kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu hupita chini yake. Ombeni protini, kimeng'enya cha LDH, hesabu ya seli na kimeng'enya cha ADA, ambacho hupanda kwenye maji ya kifua kikuu, kisha chukueni na damu siku hiyohiyo, maana vigezo vya Light vya mwaka 1972, vinavyotenganisha maji ya ugonjwa wa utando na yale ya moyo au ini kushindwa kazi, hulinganisha protini na LDH za maji na za damu. ADA inayozidi uniti 40 kwa lita, pamoja na limfosaiti (aina ya seli nyeupe) zaidi ya nusu ya seli, kwa mgonjwa ambaye maelezo yake yanalingana na kifua kikuu na anatoka mahali ugonjwa huu ulikoenea, kwa kawaida inatosha kuanza dawa. Namba hiyohiyo ikija na nyutrofili (seli nyeupe za aina nyingine) nyingi, fikirieni usaha kifuani. Limfoma na baridi yabisi pia huipandisha, ndiyo maana mimi sikubali kusomewa ADA bila hesabu ya seli.

Makohozi nayo yasisahaulike. Asiyekohoa avute mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 3, mahali penye hewa ya kutosha. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2003 ulivipata vimelea kwa kuotesha makohozi ya aina hiyo kwa takriban nusu ya wagonjwa, wakiwamo ambao mapafu yao hayakuonyesha doa lolote kwenye picha. Vimelea hivyo ndivyo vinavyopimwa usugu wa dawa, jambo ambalo ADA haiwezi kulisema.

Kinyama kibaki kwa mgonjwa ambaye ADA yake ni ndogo na maji yanarudi, anayeshukiwa saratani, au anayehofiwa kuwa na usugu huku makohozi yakiwa hayajatoa jibu.