Dada, hiyo asilimia 96 isikupumbaze

Usilipe hata senti kwanza. Umesema chuo hicho cha jamii kimekuvutia kwa sababu kipeperushi chao cha ADN, yaani shahada ya miaka miwili ya uuguzi, kinatangaza kwamba asilimia 96 wanafaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, mara ya kwanza, na mshauri amekuharakisha usaini Ijumaa eti nafasi zinajaa. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, jimbo jingine hapa hapa Marekani, na nikayaamini.

Asilimia hiyo inahesabu waliofika kwenye mtihani tu. Waliodisko njiani hawamo! Darasa letu mwezi Agosti lilijaa mpaka vikaletwa viti vya kukunja. Kufika muhula wa tatu ulikuwa unachagua pa kukaa. Na walioondoka hawakuwa wazembe: wengi walikuwa mama watu wazima, wanabeba maboksi usiku na asubuhi wako wodini kwenye mafunzo. Alama ya kufaulu ilikuwa 78, na hawapandishi hata nukta. Kozi ya wagonjwa watu wazima, ile wanayoiita med-surg, mimi nilipata 77.6. Nyumbani ungepewa supu, ule mtihani wa marudio. Kule unasubiri kozi irudi, unailipia upya, na ukifeli kozi ya pili unatolewa kwenye programu. Ndivyo nilivyotolewa.

Hapo ndipo hasara yenyewe inapoanza. Vyuo vingi havipokei kozi za uuguzi ulizosomea kwingine, kwa hiyo unarudi mwanzo. Anatomia na mikrobiolojia nazo zina umri. Vyuo vingi vinakataa alama zikizidi miaka 5 au 7, unazirudia. Na kama unasoma kwa Pell, ile ruzuku ya masomo ya serikali kuu, jua serikali inakupa mihula 12 maisha yako yote. Mihula uliyopoteza hairudishwi.

Mshauri wa chuo changu alijua haya yote. Alikuwa na orodha za kila mwaka mezani kwake. Nilimuuliza waziwazi kama kozi ni ngumu, akanijibu, "Ukijituma utamaliza." Kujituma! Watu walikuwa wanasoma kwenye maegesho ya magari saa 10 alfajiri. Kazi yake ilikuwa kujaza viti, na alivijaza kwa jasho letu.

Kwa hiyo swali lako liwe hili moja: kati ya walioanza muhula wa kwanza, wangapi walimaliza kwa wakati? Taka namba kwa maandishi, ya miaka mitatu iliyopita. Chuo chenye ithibati ya ACEN, chombo kinachokagua programu za uuguzi, hakiwezi kukuambia hakina, maana ACEN inadai kiwango cha wanaomaliza kwa wakati kipimwe. Wakizungukazunguka, fungua tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako. Bodi nyingi huweka jedwali la matokeo ya NCLEX, na mara nyingi utaona idadi ya waliofanya mtihani. Linganisha na idadi wanayopokea. Wanapokea 60, waliofanya mtihani ni 27? Jibu umeshalipata, hata kama wote 27 wamefaulu.

Ithibati yenyewe ihakikishe pia, ACEN au mwenzake CNEA, maana bila hiyo hospitali za VA, zile za wanajeshi wastaafu, zitakusumbua na vyuo vingi vya BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi, vitakukatalia.

Hayo mengine uliyouliza ya ada na shifti za usiku wadau watakujibu. Wewe nitajie jimbo tu, nikutafutie hilo jedwali la bodi kabla hujasaini chochote Ijumaa.