Kilomita 450 si Dakika 32: Angalia Aina ya Ndege Kwanza

Dada mmoja msomaji wangu kaniandikia wiki hii. Tovuti ya kukokotoa umbali imemwambia kwamba kati ya viwanja viwili vya mikoani kuna kilomita 450, safari ya dakika 32. Ndege yake inaondoka saa tatu asubuhi. Anauliza kama atawahi nyingine ya saa nne na nusu, aliyoikatia tiketi nyingine tofauti. Dada yangu, hutawahi. Nakujibu hapa ili na wengine wasome.

Jambo hili liliwahi kunivunjia heshima. Ofisini tulikuwa na kikao cha zabuni mji wa mbali, nikashauri tusafiri siku moja kabla. Mkubwa wangu akanicheka mbele ya wenzangu: "Nusu saa tu hewani, wewe unataka kulala hoteli?" Hadi leo lile neno linaniuma. Nikawafungulia ratiba. Ndege iliyopangwa ilikuwa ATR 72, yaani ya pangaboi, na mwendo wake ni kama kilomita 500 kwa saa. Tovuti waliyoitegemea ilikuwa imepiga hesabu kwa mwendo wa jeti, kilomita 850 kwa saa. Kwa ATR, kilomita zilezile 450 ni dakika 54, tena iwe imeshapaa na inanyoosha moja kwa moja.

Na hainyooshi. Tovuti hupima mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia. Rubani hufuata njia aliyopangiwa, hupanda kwa mwendo mdogo, na akikaribia kutua huenda akazungushwa kusubiri zamu. Halafu kuna upepo. Ukivuma usoni kwa kilomita 60 kwa saa, zile dakika 54 zinakuwa 61. Ukisukuma kutoka nyuma, zinashuka hadi 48. Ndiyo maana kwenda na kurudi huweza kutofautiana hata kwenye ratiba.

Mwishowe walikubali kwa shingo upande. Asubuhi ya kikao ukungu ukaichelewesha ndege ya kwanza, na washindani wetu waliokuwamo wakakuta mlango umefungwa. Zabuni tukaipata sisi. Asante sikupewa, lakini juzi mkubwa yuleyule kanipigia nimpangie safari yake, na nimeona fahari, sifichi.

Basi wapendwa, mwenye malengo hapangi siku yake kwa umbali. Soma ratiba ya shirika lenyewe. Muda wake huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama kwenye maegesho, na saa zinazoandikwa ni za mji husika, kwa hiyo ukienda mji wenye saa tofauti usitoe tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Kule Scotland, kati ya Westray na Papa Westray, ni kilomita 2.7 hivi na ratiba ni dakika 2. Hata huko abiria lazima awahi uwanjani.

Kwa dada yangu: kama ndege yako ya saa tatu nayo ni ATR, tarajia kusimama karibu saa nne na robo. Usajili wa abiria wa ile nyingine utakuwa umefungwa, na kwa kuwa tiketi ni mbili mbalimbali, shirika la pili halitakusubiri. Omba tiketi moja yenye safari zote mbili. Ikikosekana, chukua ndege ya alasiri, hasa kama una begi la kupakia.