Laptopu ya zamani: kagua kadi ya mtandao kabla hujalipa

Mama mkubwa, kule Kibosho, ana laptopu ya mwaka 1996 ambayo bado inawaka. Ndani yake mna hesabu za kahawa alizoandika akiwa karani wa chama cha msingi. Aliniomba nizihamishe kabla mashine haijafa, nikaenda mjini Moshi kutafuta kifaa cha mtandao. Pesa ya kwanza ilipotea bure, na nisingependa yako ipotee hivyo.

Mashine nyingi za umri huo hazina tundu la USB, kwa hiyo modemu ya kuchomeka yenye laini ya simu isahau. Ubavuni kuna nafasi ya kadi za PCMCIA, yaani kadi bapa za kuchomeka zinazoipa laptopu uwezo wa ziada, kama wa mtandao. Muuzaji aliniambia kadi hizo zote ni moja. Si kweli. Kuna za biti 16, na kuna CardBus za biti 32 zilizokuja baadaye. Igeuze kadi uangalie upande unaoingia kwenye mashine: CardBus ina ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu vidogo. Ukiuona, iache. Yangu ilikuwa ya aina hiyo, ikakwama njiani. Nashukuru sikuisukuma, maana mle ndani mna pini 68 nyembamba, na zikipinda ndiyo basi tena. Kadi ya biti 16 huingia hata kwenye nafasi ya CardBus, kwa hiyo ukiwa na shaka chukua hiyo.

Wi-Fi usihangaike nayo. Kadi za mwanzo zinajua WEP tu, ulinzi wa zamani wa Wi-Fi, na ruta za leo zinataka ulinzi mpya zaidi, kama WPA2. Chukua ya kebo. Kasi ya Mbps 10 inatosha kabisa kwa mafaili ya enzi hizo. Ila dai na kijiwaya chake! Kadi yenye unene wa milimita 5 haiwezi kubeba tundu la kebo, ndiyo maana nyingi zina kijiwaya cha pembeni, na cha kampuni moja hakiingii kwenye kadi ya nyingine. Mimi na fundi mmoja wa Arusha tulipekua boksi lake zima kukipata cha kwangu.

Draiva, yaani programu inayoiwezesha mashine kuitumia kadi, iwe kwenye flopi. Windows 95, mfumo unaoiendesha mashine, nayo itaomba CD yake, uwe nayo mkononi.

Laini ya intaneti niliichomoa kwenye ruta, kwa sababu Windows 95 haifai kuachwa wazi kwenye intaneti. Nikaunganisha mashine zote mbili, ile ya zamani na kompyuta yangu, kwa kebo, nikavuta mafaili kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Hesabu za msimu wa 1997 zilipofunguka, mama mkubwa alivaa miwani, akaanza kusoma kilo za kila mkulima kwa sauti.