Mwanangu, kuhusu jiwe la kaburi la susu

Mwanangu,

Message yako niliisoma jana jioni nikiwa kwa matatu ya Donholm na sikutaka kukujibu pale pale, kwa sababu hilo swali lako linaonekana fupi lakini kwangu si fupi. Umesema kitambulisho cha susu wako, mama yangu, kinasema alizaliwa 1936, mjomba wako anasema tusiguse kitu serikali imeshaandika, na fundi wa jiwe anataka tarehe kufikia Alhamisi na anachaji kwa herufi. Ukaniuliza, mamii, susu alizaliwa mwaka gani haswa?

Kitambulisho wacha nikutolee kwanza. Kipande kilikuwa kitu cha wanaume miaka hiyo yote, wanawake walianza kuandikishwa baada ya sheria kubadilishwa 1978, na mimi namkumbuka mama akirudi kutoka kwa chifu na ile karatasi ya kungojea, nilikuwa darasa la sita. Hakuulizwa alizaliwa lini, yaani aliulizwa akasema hajui tarehe, basi karani akamwangalia uso, akamuuliza ana watoto wangapi, akaandika 1936. Ndio hivyo tu. Hiyo namba mjomba wako anailinda ilitoka kwa macho ya kijana mmoja aliyekuwa anataka kwenda lunch.

Mama mwenyewe alikuwa anasema alikuwa tumboni wakati baba yake alitembea Nairobi kudai ng'ombe. Umeisikia hiyo story kila Krismasi mpaka ukaichoka, lakini sidhani umewahi kuipigia hesabu. Huo ulikuwa 1938. Mkoloni alisema Wakamba wana ng'ombe wengi na ndio wanaharibu udongo, wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama kilikuwa kimeshafunguliwa Athi River kinangojea. Watu wakatoka Machakos kwa miguu, wanaume kwa wanawake kwa watoto, zaidi ya kilomita 60, wakakaa hapa Nairobi wiki kadhaa wakisema hawarudi mpaka waongee na gavana. Aliyekuwa mbele alikuwa Muindi Mbingu, yule yule wa Muindi Mbingu Street unapopitia ukienda City Market, akashikwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla mwaka uishe serikali ikaachana na ile ya kuchukua kwa lazima. Sasa kama baba yake alitembea katikati ya 1938 na yeye alikuwa bado tumboni, basi 1936 haiwezekani. Ni mwisho wa 1938 ama mwanzo wa 1939. Mwambie fundi 1938, na mjomba wako akikataa mwambie anipigie mimi.

Haya, umejibiwa. Lakini si hilo nilikuwa nataka kukuambia.

Unakumbuka 2019 alipovunjika nyonga tukamleta Nairobi. Wewe ulikuwa bado na mitihani. Pale hospitali, risepshen, msichana alikuwa anajaza fomu kwa kompyuta, jina, umri, kaunti, anauliza mimi najibu kwa sababu mama alikuwa na maumivu amekaa kwa wheelchair kando yangu. Akafika kwa kazi. "Kazi ya mgonjwa?" Na mimi nikasema, hana kazi, yuko tu nyumbani.

Nilisema hivyo. Mimi, ambaye karo yangu ya sekondari ililipwa na kahawa na mbaazi, nilisimama mbele ya watu nikasema mama yangu hana kazi. Na huwezi sema hakusikia, Kiswahili alikuwa anasikia vizuri kunishinda. Hakusema kitu. Alinyamaza mpaka wodini, mpaka usiku, nikadhani ni nyonga.

Kesho yake asubuhi nesi akaja na fomu nyingine, kila kitu upya, akauliza kazi. Nikafungua mdomo. Mama akaniwekea mkono hapa kwa mkono wangu akamwambia nesi, "Andika nimechimba fanya juu kumi na moja." Ile mitaro ya shamba letu. Nesi akacheka, akasema sawa cucu, akaandika mkulima akaenda zake. Mama hakucheka. Hakuniangalia pia.

Mimi nimekaa na hiyo kitu miaka yote hii. Nimewaambia nyinyi tangu mkiwa wadogo kwamba kazi ni kazi hata kama haina mshahara, nimewaimbia mpaka mkawa mnanimalizia sentensi, na siku moja tu niliulizwa nikakosa kusema. Unaweza sema ni haraka, ni wasiwasi wa hospitali, ni ile foleni nyuma yetu. Nimejiambia hayo yote. Lakini haraka haikuweka hayo maneno kwa mdomo wangu, yalikuwa ndani kitambo, kwa sababu sisi tuliosoma tukaja Nairobi tulishaamua kazi ni ile ya kuandikwa.

Na hesabu zangu zilikuwa mbaya hata kwa pesa. Nilikuwa namtumia elfu mbili elfu tatu kila mwezi nikajiona nalisha mama. Na kila mara naenda Country Bus kuchukua gunia alilotuma, mahindi, ndengu, mbaazi, muthokoi tayari umetwangwa, na nyinyi watatu mlikula hiyo gunia mwaka mzima hata ile miaka baba yenu alikuwa amefutwa. Ni nani alikuwa analisha nani? Sijawahi kukaa chini nikaandika. Naogopa jibu.

Sasa hizo kumi na moja. Wewe umezikuta zikiwa tayari ukadhani mlima uliumbwa hivyo. Hapo kwetu Iveti, Machakos, shamba lilikuwa limelala kama paa la nyumba, mvua ikinyesha udongo wote unaenda mtoni. Mama akiwa msichana alichimbishwa mitaro kwa lazima, mzee wa kijiji anapiga filimbi asubuhi na asiyekuja anashtakiwa, kwa hivyo uhuru ulipokuja 1963 watu wengi walisema hiyo kazi ya mzungu imeisha, na mitaro mingi ikaachwa ikajifunika. Ndio maana nakuambia kitu walichofanya hao kina mama baadaye hakikuwa kidogo, kuchukua kitu mtu alikuchapia ukakirudia kwa hiari yako kwa sababu umeona kinafaa. Walifanya mwethya. Leo wako kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa yule, kila mtu na jembe lake, mwenye shamba anapika.

Fanya juu unajua kwa nini inaitwa hivyo? Unachimba mtaro ukifuata mlima ulivyokaa, halafu udongo unautupa upande wa juu, sio chini. Kutupa chini ni rahisi, mgongo hauumi. Kutupa juu ni kuinua kila jembe moja kinyume na mlima siku nzima. Lakini ukitupa juu unapata tuta, unapanda nyasi, mvua ikija udongo unaoteremka unashikwa hapo, na baada ya misimu kadhaa shamba linajilaza lenyewe kama ngazi. Bwana shamba alikuja na kamba na miti yake ya kupima akaonyesha mstari, akaenda. Wa kuchimba ni wao.

Na kulikuwa na nyimbo. Yule mama aliyekuwa anaongoza, yule wa pale juu kwa kanisa, alikuwa anaweka watu kwa wimbo. Ukichelewa unaimbwa. Ukichimba mtaro mwembamba unaimbwa. Mama aliimbwa siku moja ati amekuja na tumbo kubwa kuliko karai ili asiinue jembe, na huyo mtoto wa tumboni atazaliwa na udongo masikioni, na huyo mtoto ni mimi! Mpaka nimekuwa mtu mzima nikipita kwa huyo mama ananivuta sikio anaangalia ndani. Hiyo ilikuwa 1966, fanya juu ya tatu. Mama hakuwa anasema ulizaliwa mwaka fulani, alikuwa anasema wewe ni wa ya tatu, mjomba wako ni wa ya tano, yule tuliyempoteza ni wa ya sita. Tisa zilikuwa zimeisha mwaka ule kahawa ilipanda bei, 1977, wakati kila mtu alinunua redio. Ya kumi na ya kumi na moja ni baada ya njaa ya 1984, ile ya mahindi ya manjano, alichimba karibu peke yake kwa sababu mwethya ulikuwa umepungua, wengi walikuwa wamezeeka na wengine tulikuwa tumekuja huku.

Kwa hivyo unaniuliza mwaka, na yeye miaka alikuwa nayo. Ni sisi hatukuuliza kwa lugha yake.

Sasa nifike mahali sitaki kufika. Unajua bili ya ile nyonga ililipwa na nini. Mjomba wako aliuza kipande cha chini, na kipande cha chini ndicho kilikuwa na ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja. Aliyenunua aliweka trakta akasawazisha akajenga nyumba za kupangisha. Mimi sitaki kusema mjomba wako alikosea. Hospitali haikuwa inangoja, bima ilikuwa imefika mwisho, na aliandika kwa grupu ya familia akatuuliza wote, na unajua mimi niliandika nini? "Fanyeni mnavyoona." Mtu aliyeandika hivyo hana mdomo. Lakini angeweza kuuza ile ya kando ya barabara, ambayo haina mtaro hata mmoja na ingeleta pesa zaidi, na mpaka leo hajaniambia kwa nini hakuuza hiyo. Najua kwa nini. Wewe pia unajua, tumeona nani analima hapo. Wacha. Nimesema sitasema.

Mama aliporudi nyumbani na ule mkongojo wake aliomba apelekwe mpaka pale mwisho. Nilimshika mkono. Akaangalia zile mabati na ile changarawe kwa muda mrefu, mimi nangoja alie ama anilaumu. Akauliza tu, "Sasa maji yataenda wapi?" Na nikuambie kitu, mvua ya mwaka jana, ile iliyobeba watu, maji ya mlima wote yalisimama kwa fanya juu ya nane. Ukuta wa yule jamaa haukuguswa. Analindwa na jembe la mama na hata hajui, kwake hiyo ni nyasi tu.

Mjomba wako akisikia haya atakuambia uandike nane, kwa sababu nane ndizo ziko na jiwe halitakiwi kusema uongo. Nimelifikiria hilo usiku kucha, na kuna pahali ana haki, mtu akija na jiwe linasema kumi na moja ahesabu apate nane atauliza. Halafu nikasema basi aulize! Atakayeulizwa ajibu. Mama alichimba kumi na moja. Kuuzwa hakufuti kuchimba.

Kwa hivyo mwambie fundi hivi: jina lake lote, 1938, ile tarehe ya mwaka jana, halafu chini yake, "Alichimba fanya juu kumi na moja." Herufi zinazozidi nalipa mimi, usiombe kwa grupu. Mambo ya mama mpendwa, bibi mpendwa, susu mpendwa, kama pesa haitoshi toa hayo, hayo yako kwa kila jiwe.

Na yule mama wa nyimbo bado yuko, macho yameisha lakini sauti iko. Jumamosi tukienda beba ile simu yako nzuri na chaji ijae, usimuulize maswali mengi, mwambie tu aimbe ile ya karai na wewe unyamaze. Akikuvuta sikio, kubali.

Beba pia viatu vya kuchafuka. Ya nane imeanza kubomoka pale kwa mwembe, ng'ombe za jirani zinapitia hapo, na mbegu ya nepia, ile nyasi ya tuta, nimeshaomba, tutapanda asubuhi kabla jua likali.

Mamako