Kausha damu imenibana, na mtoto wa marehemu dada ananitegemea

SWALI: Shikamoo shangazi. Nauza supu na chapati hapa Tanga. Dada alipofariki nilimchukua mwanawe, sasa yuko kidato cha pili shule ya serikali. Nina wangu wawili. Nilikopa kausha damu 300,000 nimnunulie sare na niongeze mtaji. Narejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Biashara ikilala nakopa kwenye simu ili nilipe. Kikoba nadaiwa 150,000 na mikutanoni siendi tena kwa aibu. Baba wa mtoto yupo, ni dereva wa lori Dodoma, hatumi hata mia. Mume wangu anasema mtoto arudi kwa bibi yake kijijini. Nifanyeje?
Mama wa Watatu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa. Mtoto asikatishwe masomo kwa ajili ya deni hili. Chukua kalamu, kaa na mumeo, mpige hesabu pamoja: 13,000 mara 30 ni 390,000. Riba peke yake 90,000, asilimia 30 kwa mwezi mmoja! Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa aina hiyo ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 10,500 kwa mkopo wako. Mumeo aione hiyo tofauti kabla hajamtaja mtoto.

Kesho usikope kwenye simu. Ukishauza, toa kwanza hela ya unga, nyama na mkaa wa keshokutwa, ifunge pembeni; kinachobaki ndicho cha kugawa. Kisha nenda kwa mkopeshaji na kijitabu chako cha marejesho, usiende peke yako. Omba akupunguzie rejesho la siku, na muulize leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo. Akikutisha kukubebea vyombo, peleka habari kwa mtendaji wa mtaa mapema.

Kikoba rudi wiki hii hii. Wale ni wenzio, wanajua ulifiwa. Mweleze mwenyekiti kabla ya mkutano, omba muda, na uangalie hisa zako zimefikia ngapi. Ukiendelea kujificha watadhani umekimbia.

Sasa huyu baba. Hapa nakasirika, nisamehe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze mwanawe, na kuishi Dodoma hakumwondolei wajibu huo. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha dada, na namba ya simu ya huyo bwana. Ataitwa. Akikaidi, shauri linaweza kufika Mahakama ya Watoto na akaamriwa kutoa matunzo. Na dada alikuwa ameajiriwa? Kama alichangia NSSF, ulizia mafao ya warithi. Mtoto ana fungu lake.

Shuleni ada haipo, serikali iliifuta kuanzia 2016 hadi kidato cha nne. Mchango wa chakula mwombe mkuu wa shule ulipe kidogo kidogo.

Ukishaimaliza kausha damu, ungana na akina mama wenzako, msajili kikundi, muombe mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Ule hauna riba. Uingie wote kwenye biashara, usilipie deni la zamani hata shilingi.